TV inakatakata, redio inakwaruza: dishi liguse mwisho

Hapa Mtwara picha ikiganda tu, mtu anatafuta ngazi. Kijana anapanda juu ya bati, anasukuma dishi kidogo, mwingine anapiga kelele dirishani: "Bado... bado... rudisha!" Jioni king'amuzi kinasoma sifuri, na tatizo lililokuwa moja yamekuwa mawili. Mimi kazi hii naifanya kuanzia Shangani mpaka Mikindani, na mpangilio wangu ni uleule: naanza kwenye soketi, nafuata waya, dishi naligusa mwisho. Mara nyingi sifiki hata kwenye dishi. Ukiita fundi akapanda juu kabla hajauliza swali hata moja, mwambie ashuke.

Andaa spana namba 10, 11 na 13, kisu kikali, konekta mpya mbili tatu za waya wa dishi, silikoni na penseli.

Hatua ya 1: Soma kioo kabla ya kugusa chochote

Enzi za analojia mawimbi yakipungua ulikuwa unaona chenga, na taarifa ya habari unaitazama hivyohivyo. Dijitali haina huruma hiyo. Picha inabaki safi hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango ambacho king'amuzi kinahitaji, kisha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, kioo kinakuwa cheusi. Kwa hiyo mteja akiniambia "jana ilikuwa safi kabisa", sijui bado kama mawimbi yalikuwa mengi. Huenda yalikuwa ukingoni siku zote.

Tenga kwanza suala la malipo. Chaneli moja ikifunguka na nyingine zinadai kifurushi, mawimbi unayo, lipia. Wenye DStv, ujumbe wa E48-32 maana yake mawimbi hayafiki. E16 ni mambo ya kifurushi au kadi. Na kama hata menyu ya king'amuzi haionekani, angalia waya unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye TV, au TV yenyewe ipo kwenye ingizo lisilo lake. Hilo halihusu dishi kabisa.

Sasa ingia kwenye menyu, tafuta mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Yote miwili ikiwa sifuri, shuku waya, konekta au LNB (kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi) isiyopata umeme. Nguvu ipo lakini ubora sifuri: LNB inafanya kazi, ila dishi limehama au kuna kitu kimeziba. Ubora ukipanda na kushuka kila upepo unapovuma, kuna kitu kimelegea au tawi linacheza mbele ya dishi. Andika namba hizo, utazihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Uliza jirani, tazama mbingu

Jirani mwenye king'amuzi kama chako naye hana picha? Kaa utulie, tatizo si lako. Mvua kubwa nayo hukata mawimbi ya setelaiti, kwa sababu masafa ya gigahezi 10 hadi 12 yanamezwa na matone. Msimu wetu wa Desemba mpaka Aprili hili ni jambo la kawaida. Wingu likipita picha inarudi yenyewe.

Kuna jambo lingine linalowachanganya hata mafundi. Siku chache za wiki ya mwisho ya Machi, na tena katikati ya Septemba, wenye Azam ya dishi huku kwetu wanaweza kupoteza picha kwa dakika kadhaa majira ya saa tisa alasiri, jua kali, hakuna wingu. Jua linakuwa limekaa nyuma ya setelaiti na kelele zake zinaimeza. Usiguse kitu. Ila siku hizo zitumie: kivuli cha mwembe kikiangukia dishi saa hiyo, ujue mwembe huohuo ndio unaoziba.

Hatua ya 3: Ndani ya nyumba

Zima king'amuzi kwenye soketi, si kwa rimoti. Subiri dakika moja, washa. Kama kuna splita inayogawa kwenda chumba cha pili, itoe na uunganishe waya moja kwa moja: splita ya njia mbili inakula zaidi ya nusu ya nguvu.

Ukiona kundi zima la chaneli limepotea na kundi lingine zuri, fikiria umeme. King'amuzi huiambia LNB ipokee upande gani, mawimbi yaliyosimama au yaliyolala, kwa kuipa volti 13 au volti 18. Adapta iliyochoka, au waya ulioliwa na kutu, unafikisha 13 lakini 18 haifiki, na chaneli za upande huo zinatoweka. Azima adapta yenye volti na ampea zilezile ujaribu kabla hujanunua LNB.

Hatua ya 4: Konekta, na chumvi ya bahari

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na Masasi au Nachingwea, na hapa ndipo kazi nyingi huishia. Chomoa umeme wa king'amuzi kwanza. Fungua konekta iliyo nyuma ya LNB, uilete karibu na jicho. Nyumba za karibu na bahari utakuta unga wa kijani umeganda ndani, uzi wa katikati umekuwa mweusi, pengine tone la maji linadondoka. Usikwangue. Kata sentimita 10 hadi 15 za waya mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Ukikata nusu mita na ndani bado ni nyeusi, maji yameshasafiri; badilisha waya wote. Chukua waya wa aina ya RG6, achana na ule mwembamba wa bei nafuu.

Menya taratibu. Nyuzinyuzi za nje zirudishe nyuma, hakikisha hata moja haigusi uzi wa katikati, maana unywele mmoja tu unatosha kupiga shoti na king'amuzi kukata umeme wa LNB. Uzi wa katikati utokeze milimita mbili hivi nje ya konekta. Kaza kwa mkono, kisha spana robo mzunguko.

Kuziba maji: tepu nyeusi ya umeme peke yake ni hasara. Jua letu linayeyusha gundi yake, maji yanaingia na yanakosa pa kutokea. Paka silikoni kuzunguka mdomo wa konekta. Halafu uache waya uning'inie na tumbo kidogo chini ya LNB na kabla ya kuingia ukutani, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Hatua ya 5: Wenye antena

Mawimbi ya antena hutoka kwenye mnara wa ardhini, si kwenye setelaiti, na hayapindi vilima vizuri. Mikindani chini ya kilima, au Lindi kwenye nyumba za bondeni, kupandisha antena mita mbili juu ya bati kunaweza kufanya kazi ambayo busta (kifaa cha kukuza mawimbi) haiwezi. Tazama antena za majirani zinaelekea wapi na vidole vyake vimelala au vimesimama, uige. Elekeza, tafuta chaneli upya. Ukiwa karibu na mnara toa busta kabisa, maana mawimbi yakizidi nayo yanaharibu picha. Mnara mpya wa simu karibu na nyumba unaweza kuleta balaa hilohilo.

Hatua ya 6: Sasa dishi

Usipande upepo wa kusi ukiwa mkali, wala penye waya wa umeme karibu. Kabla hujalegeza nati, chora mstari wa penseli kwenye nguzo na kishikio, uwe na pa kurudi.

Ukiwa Mtwara, setelaiti ya Azam, iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki, kwako ipo magharibi ikivuta kidogo kaskazini: dira nyuzi 285 hivi, mwinuko karibu nyuzi 50 kutoka upeo wa macho. Mti ulio mita 5 upande huo ukizidi dishi kwa mita 6, unaziba. Ya DStv, nyuzi 36 mashariki, ipo karibu utosini: dira 338, mwinuko 77. Ndiyo maana dishi lake linalala kama sinia na kukusanya majani, lifute. Usidanganywe na uso wa dishi, maana haya ya umbo la yai hupokea kutoka juu zaidi ya linapoonekana kutazama.

Ukingoni mwa dishi la sentimita 90, nyuzi moja ni kama milimita 8 tu. Sogeza kidogo mno, kisha ondoa mikono na uhesabu mpaka tano, kwa sababu king'amuzi kinachelewa kushika. Wengi wanaipita setelaiti kwa haraka yao. Fuata ubora, si nguvu. LNB ya Azam huku kusini hulala sana upande. Watu huiona "imepinda" wakainyoosha, na chaneli zikaondoka.

Redio

FM ya simu hutumia waya wa spika za masikioni kama antena, kwa hiyo bila waya huo usitarajie kitu. Redio ya mezani ndani ya nyumba ya bati, ifungie waya wa sentimita 75 kwenye antena yake na uutoe dirishani. Usiku wa joto na utulivu, mawimbi ya FM husafiri mbali juu ya bahari, na stesheni ya Msumbiji inaweza kukalia masafa ya stesheni yako. Hapo geuza antena au subiri asubuhi.

Mkwaruzo usioisha, hasa kwenye masafa ya AM, mara nyingi unatoka ndani mwako. Washa redio ya betri, kisha chomoa kimoja kimoja: chaja za simu, taa za LED, inveta, kidhibiti cha sola. Kile ambacho ukikichomoa kelele zinakata, kihamishie chumba kingine au ukibadilishe.