Uzamivu wa matokeo ya tiba ukiwa Bukavu: anza na daftari la wodi

Wadogo zangu wa kazini, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huniuliza karibu kila wiki: "Grand, burse iko wapi?" Burse, yaani ufadhili wa masomo, nitaifikia. Kwanza daftari.

Hatua ya 1: Fungua daftari la wodi

Omba daftari la wagonjwa walioruhusiwa mwaka mmoja uliopita. Safu ya mwisho huonyesha namna mgonjwa alivyotoka: guéri (amepona), amélioré (amepata nafuu), transféré (amehamishwa), décédé (amekufa), na évadé (ametoroka bila kulipa). Utafiti wa matokeo ya tiba unaanzia pale safu hiyo inapoishia. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyevunjika paja ameandikwa "guéri" siku aliyotoka na magongo. Leo anapanda mlima wa Kadutu? Analala bila maumivu? Amerudi kwenye pikipiki, au pikipiki iliuzwa kulipa hospitali?

Chukua mafaili 30, ujaribu kuwapata wenyewe kwa simu ndani ya wiki mbili. Fanya hivyo kabla hujaandika hata sentensi moja ya protokoli, yaani mpango wa utafiti. Mimi sikufika hata nusu, na niliowapata karibu wote walikuwa wamemaliza kulipa. Walioandikwa évadé hawakupokea kabisa. Baadaye seremala mmoja wa Panzi alinifungulia siri: namba ngeni ikiita, yeye anajua ni watu wa kaunta ya malipo. Ungechambua waliopokea peke yao, ungeandika tasnifu nzima juu ya wagonjwa wenye pesa.

Usidharau swali linalotoka wodini kwako. Dkt. Denis Mukwege alitetea tasnifu yake Université Libre de Bruxelles mwaka 2015, akiwa na miaka 60, na mada ilikuwa fistula za wanawake aliokuwa akiwapasua mwenyewe hapa Bukavu.

Hatua ya 2: Hesabu vyeti vyako

Mama yangu aliniuliza: "Si uko daktari tayari? Udaktari gani tena unatafuta?" Swali lake lina msingi. Diploma ya docteur en médecine inakuruhusu kutibu. Haikufikishi moja kwa moja kwenye uzamivu wa utafiti. Karibu kila mahali utaombwa daraja la katikati, yaani master ya afya ya umma au epidemiolojia. Hata aliyetoka ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, na licence ya mfumo wa zamani apite hapo. Unaweza kuisoma kwenye Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa, ya Lubumbashi, au hapa kwetu kwenye ile ya Université Catholique de Bukavu. Takwimu usizikwepe, zitakusubiri mbele ya safari.

Hatua ya 3: Promota, kisha burse

Mpangilio huo usiugeuze. Mwandikie promota, profesa atakayekusimamia, ukurasa mmoja: swali lako, wagonjwa gani, utawafuatilia muda gani, na lile jaribio lako la mafaili 30 lilitoa nini. Barua nyingi anazopata zinaomba pesa. Yako imebeba ushahidi kwamba umeshaanza kazi.

Mfumo unaotufaa sisi wenye familia na zamu za usiku ni ule wa kugawana: miezi michache kila mwaka Ubelgiji, inayobaki unakusanya data nyumbani, ukiwa na promota mmoja huku na mwingine kule. Kwa vyuo vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa, angalia matangazo ya ARES. Kwa vile vya Kiholanzi, VLIR-UOS. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala na data zitabaki kwa nani. Rafiki yangu aliona haya kuuliza. Makala yake mawili yalitoka jina lake likiwa la tatu.

Hatua ya 4: Chombo cha kupimia, na Kiswahili chake

Hapa ndipo utatoka jasho. Matokeo si kifo na uhai tu, ni pamoja na namna mtu anavyoishi. Wengi hutumia EQ-5D, dodoso la hali ya afya lenye nyanja tano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Ile ya ngazi tano kwa kila nyanja inatoa hali 3,125 tofauti. Ni chombo chenye wenyewe, kundi la EuroQol. Jiandikishe kwao, uombe ruhusa, wakupe tafsiri iliyopo. Kujitafsiria usiku kwa tochi ya simu hairuhusiwi.

Hata ukipewa tafsiri safi, ijaribu hapa kabla ya kuitumia. Siku ya majaribio nilikaa pembeni msaidizi wangu akimhoji mama mmoja wa Bagira aliyevunjika mkono. Alipofika kwenye shughuli za kila siku alisoma haraka, na mama akashika neno moja tu: kazi. "Kazi sina, niko tu nyumbani." Msaidizi akaweka alama ya "siwezi kabisa". Nilimwomba mama atueleze siku yake tangu asubuhi. Alichota maji, akapika ugali, akabeba mkaa kutoka barabarani kwa mkono mmoja. Kwetu kazi ni ile inayolipwa mwisho wa mwezi. Jiko na watoto hazihesabiki.

Tulisimamisha mahojiano siku tatu. Huruhusiwi kubadilisha neno la swali kwa kalamu yako, lakini unaweza kumfundisha mhoji asome pole pole mpaka mwisho, na arudie swali lote kama mgonjwa amekatiza. Kile ulichokiona uwaandikie wenye chombo.

Kipimo cha 0 hadi 100 cha EQ-5D, ambapo mgonjwa anaonyesha afya yake ya leo, nacho kilituchekesha. Mzee mmoja aliyepona vizuri kabisa aliweka kidole kwenye 90, akakataa kupanda: "Mia ni ya Mungu." Sote tumesoma kwa walimu walioamini kwamba 20 juu ya 20 hapewi mwanadamu.

Hatua ya 5: Ruhusa

Kamati ya maadili ya chuo cha hapa, kamati ya chuo cha kule, Division ya afya ya mkoa, daktari mkuu wa zone ya afya, mkurugenzi wa hospitali. Karatasi ya ridhaa iwe kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wako. Tenga miezi sita.

Hatua ya 6: Andikisha watu ambao utawapata tena

Ukihitaji wagonjwa 200 mwishoni, na unatarajia kupoteza asilimia 20, usiandikishe 240. Gawa 200 kwa 0.8, upate 250. Kosa hilo dogo nimelikuta kwenye protokoli nyingi mno.

Chukua namba tatu za simu: yake, ya ndugu anayeishi naye, na ya mtu asiyehama, mwenye duka au mchungaji. Anwani ya avenyu na namba haitoshi. Andika "chini ya kanisa, mlango wa bluu, uliza Mama Furaha". Piga kwa simu ya utafiti, si ya hospitali, na sentensi ya kwanza iwe: "Sikupigii kwa ajili ya deni." Pale simu inapokufa, mtumie reko, mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa.

Weka orodha ya majina mbali na majibu, kila faili na nenosiri lake. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, watu walitawanyika, benki zikafungwa. Kompyuta iliyobeba majina, majeraha na mitaa ya watu ikawa kitu cha kuogopa nyumbani. Anayefuatilia wagonjwa Kivu aandike ndani ya protokoli atafanya nini mji ukihama. Kamati itauliza, na ni haki yake.

Hatua ya 7: Chambua

Jifunze R, programu ya takwimu, ni ya bure na hufanya kazi umeme ukikatika, maadamu betri ipo. Mambo mawili tu nitayasisitiza. La kwanza, waliokufa usiwaondoe. Katika hesabu ya EQ-5D afya kamili ni 1 na kifo ni 0, na kuna hali zinazoshuka chini ya 0. Ukifuta wafu, hospitali itapendeza kwa uongo. Thamani hizo hutokana na maoni ya wananchi wa nchi fulani. Uganda na Ethiopia zina zao, kwa hiyo eleza umechukua za nani na kwa nini. La pili, walinganishe uliowapoteza na uliowapata: umri, jeraha, deni. Jedwali hilo wanaopitia makala huanza nalo. Vipengele 22 vya STROBE, orodha ya mambo ya kuripoti kwenye tafiti kama hizi, vitakukumbusha mengine.

Hatua ya 8: Tetea, kisha rudisha

Wajumbe wa jopo waliniuliza zaidi juu ya watoro kuliko juu ya modeli zangu zote. Nilikuwa nimejiandaa kinyume.

Niliporudi niliandika matokeo kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, nikaubandika kwenye korido ya wodi, na nakala nikapeleka kila ofisi. Mhasibu aliisoma yote akiwa amesimama. Akaniuliza kama ningeweza kumpatia namba za simu za wale évadé niliowapata. Nilimwambia hapana.