Lupa au biti? Kuchagua vyombo ukiwa mpiga gitaa wa peke yako Unguja

Hoteli za Nungwi na Paje zinalipa mtu mmoja lakini zinataka kusikia bendi. Ndipo wapigaji wanapokimbilia kununua mashine, na wengi wananunua mashine kubwa kuliko nyimbo wanazopiga. Lupa ni pedali, yaani kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, inayorekodi unachopiga na kukirudia bila kukoma; biti ni muziki uliokwisha kurekodiwa unaoucheza kutoka kwenye simu na kupiga juu yake. Hapa tunaanzia kwenye nyimbo.

Hatua ya 1: Gawa nyimbo zako mafungu

Chukua karatasi, andika nyimbo zote unazopiga usiku mmoja. Kila wimbo uulize: kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ni zile zile toka mwanzo mpaka mwisho, au kiitikio kina kodi zake? Wimbo wa kodi tatu nne zinazozunguka, kama rege na chakacha nyingi, ni wa lupa. Unarekodi mzunguko mmoja, unauacha uende, unaimba na kupiga solo juu yake. Wimbo wenye kiitikio cha kodi tofauti, au unaopanda ufunguo (wimbo wote unahamia sauti ya juu zaidi) katikati, utakutesa kwenye lupa ndogo. Huo utengenezee biti.

Taarab asilia iweke pembeni kabisa. Muimbaji wa taarab anaweza kuvuta neno mpaka aridhike, na wapigaji wakamsubiri. Mashine haimsubiri mtu. Zile mbili tatu ulizonazo zipige kwa gitaa tupu. Mgeni aliyekaa Mji Mkongwe kusikiliza taarab hana haraka ya ngoma.

Sasa hesabu. Fungu la lupa likiwa kubwa, nunua lupa. Biti zikiwa nyingi, simu uliyonayo na waya mzuri vinatosha kuanzia, na hela inabaki mfukoni.

Hatua ya 2: Usilipie dakika usizozitumia

Matangazo yanapigia debe dakika za kurekodi. Piga hesabu mwenyewe: mzunguko wa mapigo 16, kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, unachukua sekunde 10. Lupa ya TC Electronic Ditto ya kawaida inabeba dakika 5, ya Boss RC-1 dakika 12. Zote mbili zimezidi haja yako.

Mimi anayeanza namwelekeza RC-1, kwa sababu ina duara la taa linaloonesha mzunguko umefika wapi, inakubali betri ya voliti 9, na ina tundu la kuongezea swichi ya nje ya kusimamisha. Ditto haiingii betri. Zote zina swichi moja ya mguu, kwa hiyo kusimamisha ni kubonyeza mara mbili haraka, jambo linalotaka mazoezi.

Lupa ya Boss RC-5 ina ngoma ndani na nafasi 99 za kuhifadhi mizunguko. DigiTech Trio+ inasikiliza kodi zako kisha inakutungia besi na dramu. Ni mashine tamu, ila kidumbak haikijui. Ukitaka mdundo wa hapa, gonga ubao wa gitaa kwa kiganja, rekodi, endelea.

Hatua ya 3: Umeme

Pedali nyingi zinatumia voliti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za vinanda ni voliti 12 na chanya ndiyo iliyo katikati, na zinaingia tundu lile lile bila shida. Usijaribu. Angalia mchoro mdogo wa duara ulio kwenye adapta na ule ulio kwenye pedali: lazima vifanane. Kisha linganisha miliampea (mA), yaani kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa na ambacho pedali inahitaji. Za adapta zikizidi si neno, zikipungua ndiyo tatizo.

Umeme ukikatika, hata hoteli yenye jenereta inakaa kimya kidogo kabla haijawaka, na mzunguko wako unakatika katikati ya wimbo. Upo waya wa USB unaopandisha voliti 5 za pawabenki kuwa 9, ununue. Ukiwa na spika ya betri kama Roland Cube Street, inayokula betri sita ndogo na ina tundu la gitaa, la maiki na la simu, giza likiingia wewe unaendelea.

Hatua ya 4: Mpangilio

Gitaa, kisha pedali za kubadilisha sauti, kisha lupa, kisha amplifaya. Lupa ikae mwisho. Ukiiweka kabla ya pedali ya distosheni, ile inayokwaruza sauti, mzunguko na solo vinapikwa pamoja na kutoka uji. Sauti ya mzunguko ishushe chini kidogo ya gitaa.

Hatua ya 5: Biti kutoka kwenye simu

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa bila kujua sababu. Simu inatoa sauti mbili, kushoto na kulia. Ukichomeka waya wa stereo moja kwa moja kwenye tundu la maiki la mikseri (mashine ya kuchanganya sauti), mikseri inachukua tofauti ya sauti hizo mbili. Kilichorekodiwa katikati, yaani besi, kiki (ngoma kubwa ya dramu) na sauti ya muimbaji, kinafutana. Unasikia biti nyepesi, yenye mwangwi, kama redio iliyotumbukia kisimani, na fundi anaanza kulaumu spika. Dawa yake ni waya wa panda: jeki ndogo ya stereo upande wa simu, jeki mbili za mono upande wa mikseri, kila moja tundu lake.

Bluetooth kwa biti yenyewe si vibaya sana, maana unafuata kile unachokisikia kwenye spika. Ila inachelewa kuanza ukibonyeza, na ukumbi ukijaa simu za watu, sauti inaweza kukatakata. Gitaa lenyewe usilipitishe Bluetooth kabisa. Kidole kimeshapiga, sauti bado iko njiani.

Biti zihifadhi ndani ya simu, usitegemee intaneti ya ufukweni. Washa hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga simu katikati ya kiitikio na ukumbi mzima utasikia mlio. Faili zipe namba kwa mpangilio wa usiku, 01, 02, 03, usianze kutafuta jina huku watu wanakutazama.

Hatua ya 6: Dukani, hasa ukinunua mtumba

Nenda na gitaa lako na waya wako. Bonyeza swichi mara nyingi, polepole na haraka. Swichi iliyokula mchanga na chumvi inaruka au inabonyea mara mbili. Tingisha jeki zikiwa zimechomekwa. Zikikwaruza, shusha bei au ondoka.

Hatua ya 7: Mguu

Ziba nyuzi kwa kiganja, piga "chk chk" tu. Hesabu moja mpaka nne ukiwa umeshauning'iniza mguu juu ya swichi, bonyeza juu ya "moja". Mzunguko ukiisha, bonyeza tena juu ya "moja" inayofuata, si juu ya "nne", wala si baada ya kodi ya mwisho kumaliza kulia. Acha uende, usikilize mahali unapounga. Kama panajikwaa, futa urudie. Pakiwa hapasikiki, weka kodi. Tabaka la kwanza liwe jepesi, nyuzi mbili tatu za juu, ili nyuzi nene zibaki za kuongezea besi baadaye.