Ukitaka kopi kwenye Python, alama ya = peke yake haitoshi

Tuseme unamtengenezea mama anayeuza samaki pale Kibirizi, Kigoma, kaprogramu ka kutunza mzigo kwa Python (lugha ya kuandikia programu), unaandika hivi:

jumatatu = ["dagaa", "migebuka"]
jumanne = jumatatu
jumanne.append("kuhe")

append imeongeza kuhe kwenye jumanne, haya printi jumatatu. Kuhe yumo, na siku hiyo hakuna mtu aliyemleta! Kompyuta haina jini, ni kwamba ile = haijatengeneza listi (orodha) ya pili, imeipa listi ileile jina lingine, yaani kama mtu nyumbani anaitwa Mama Zawadi na mwaloni anaitwa Bi Dagaa, ukimvika kilemba Mama Zawadi basi Bi Dagaa naye kavaa. Ukitaka uhakika andika jumanne is jumatatu, ikijibu True ujue ni kitu kimoja. Usipime kwa == maana hiyo inaangalia vilivyomo tu.

Dawa yake ni jumanne = jumatatu.copy(), wengine wanaandika jumatatu[:] na inafanya kazi ileile ila mi naona ya kwanza inasomeka vizuri zaidi, hasa kama programu itaguswa na mtu mwingine.

Sasa kimbembe kipo kwenye listi zilizo ndani ya listi, na hapa ndo wengi wanakesha:

mzigo = [["dagaa", 12], ["migebuka", 5]]
kesho = mzigo.copy()
kesho[0][1] = 40

Angalia mzigo, dagaa wamekuwa 40 huko nako. copy() imekopi listi ya nje tu, zile za ndani bado zinashirikiwa. Hapo andika from copy import deepcopy halafu kesho = deepcopy(mzigo), hiyo inashuka mpaka chini kabisa. Ila usiibandike kila mahali bana, data ikiwa nyingi inakula muda na memori, na mara nyingine kushea ndo unachotaka, mfano sehemu ya mauzo na sehemu ya stoo zote zinatakiwa zione mzigo mmoja.

Namba na maandishi visikuumize kichwa, havibadiliki kwa ndani.

Halafu ukipeleka listi kwenye fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina kifanye kazi fulani) inaenda ileile, haiendi kopi, kwa hiyo fanksheni ikiita mzigo.sort(), inayopanga listi hiyohiyo upya, imeshavuruga mpangilio wa mwenyewe, tumia sorted(mzigo) ikurudishie listi mpya.