Unapanga nyumba England? Dai ripoti ya umeme kabla hujahamisha mabegi

Wengi wetu tukienda kuona nyumba huku tunaangalia kodi, jiko, na umbali wa basi, habari ya umeme ukiona taa zinawaka bas imeisha. Mi nilikaa karibu mwaka kwenye nyumba ambayo soketi ya jikoni ilikuwa inanguruma ukichomeka birika la umeme, nikimuuliza ejenti ananiambia "mbona ilishakaguliwa", na mi nikatulia. Siku nilipokomaa anitumie karatasi, akatuma cheti cha gesi. Jamani.

Kwaiyo tuanzie hapo, maana hizi karatasi zinachanganywa sana. Cheti cha gesi ni cha kila mwaka. EPC inasema nyumba inakula nishati kiasi gani, inadumu miaka 10, na haikwambii chochote kuhusu usalama wa nyaya. Unayoitaka wewe inaitwa EICR, hiyo ndo ripoti ya ukaguzi wa umeme: nyaya za ukutani, soketi, swichi, taa zilizofungwa na boksi la fyuzi. Friji na birika hazimo humo, vitu vya kuchomeka vina kipimo chao kinaitwa PAT, zile stika kwenye plagi, usikubali mtu akuoneshe stika akasema ndo ukaguzi wa nyumba.

Sheria yenyewe ni ya 2020, ilianza na mikataba mipya tarehe 1 Julai 2020, alafu 1 Aprili 2021 ikawabana na waliokuwa na wapangaji tayari. Landlodi lazima alete fundi mwenye sifa angalau kila baada ya miaka 5. Hii ni England tu, Scotland na Wales wana sheria zao japo na wao wamesema miaka 5. Na kama umepanga chumba kwa mtu na yeye mwenyewe anaishi humohumo mnashea jiko na bafu, sheria hii haikuhusu, kadhalika hosteli za wanafunzi.

Mpangaji mpya unatakiwa upewe nakala kabla hujaanza kukaa. Kama uko ndani tayari, ni ndani ya siku 28 tangu ukaguzi ufanyike. Hata anayetafuta nyumba tu akiomba kwa maandishi apewe ndani ya siku 28. Omba kwa email, sio kwa simu, simu haina ushahidi, na sema kabisa unataka ripoti nzima, kuna wanaopenda kutuma ukurasa wa kwanza peke yake na utamu wote uko nyuma.

Ikifika, isome hivi. Angalia anuani kwanza (usicheke, niliwahi kutumiwa ya flati ya jirani), alafu tarehe ya ukaguzi na tarehe ya ukaguzi ujao, maana fundi akiona nyumba imechoka anaweza kuandika irudiwe mapema kuliko miaka 5 na hapo inafuatwa aliyoandika yeye. Tafuta neno SATISFACTORY (imefaulu) au UNSATISFACTORY (imefeli). Baada ya hapo nenda kwenye alama za makosa: C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, mfano waya uko wazi mtu anaweza kupigwa shoti leo, C2 ni kitu kinachoweza kuwa hatari, FI maana yake fundi ameona kitu hakielewi kinahitaji kuchunguzwa zaidi. Ikiwepo hata moja kati ya hizo tatu ripoti imefeli. C3 ni ushauri tu, usigombane na mtu kwa C3. Na usiruke sehemu ya vitu ambavyo fundi hakuvifikia, ukikuta vyumba viwili vilikuwa vimefungwa na havikupimwa, uliza.

Ikifeli, landlodi ana siku 28 za kurekebisha, au pungufu kama ripoti imesema hivyo. Kazi ikiisha anatakiwa kukupa uthibitisho wa maandishi kutoka kwa fundi pamoja na ile ripoti iliyofeli, na kaunsil pia apeleke, yote ndani ya siku 28 nyingine. Akikaa kimya mwandikie mara moja tena, alafu nenda kaunsil yako, idara ya nyumba za kupanga, na email zako zote. Wao wakiiomba ripoti kwa maandishi ana siku 7 tu. Wanaweza kumpa notisi atengeneze, na akigoma wanaleta fundi wao kwa ruhusa yako wewe mpangaji na bili wanamtupia yeye. Faini sheria ilipotoka ilifika hadi pauni 30,000, ndo maana ukitaja kaunsil ghafla ejenti anakumbuka namba yako.

Ila ukisikia harufu ya kuungua au soketi imekuwa ya moto, usihesabu siku 28, zima swichi kubwa kwenye boksi na mpigie simu landlodi au ejenti saa hiyohiyo, na ukiona moto au moshi toka nje upige 999.

Na wewe siku ya ukaguzi mfungulie fundi, ukimkatalia landlodi anapata pa kujitetea. Umeme utazimwa masaa kadhaa kwaiyo chaji simu usiku, kama unafanyia kazi nyumbani waambie kazini mapema, na usogeze kabati lililoziba soketi, la sivyo ataandika hakuifikia.