Kabla Hujapanda Lushoto: Mambo ya Kuzingatia, Hasa Hilo la Tochi

Kila likizo ikikaribia napata ujumbe uleule: "Tunaenda Lushoto, tubebe nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimepanda huko mara za kutosha kufanya makosa ya kila aina, na mengine nimeyaona kwa wenzangu. Soma mpaka mwisho, usiruke.

Sweta kwanza. Lushoto mjini, kule Milima ya Usambara mkoani Tanga, ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo, pale unapoiacha barabara kuu ya Arusha, iko karibu mita 1,000 chini yake. Unatoka kwenye joto la mibuyu na mkonge, muda si mrefu unashuka kwenye gari na fulana yako nyepesi huku wenyeji wamevaa makoti na kofia za sufu. Juni mpaka Agosti usiku ni wa mablanketi mawili. Wajerumani walipopaita Wilhelmstal walikuwa wanakimbia joto la pwani, na hiyo baridi waliyoifuata haijahama.

Mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, na udongo mwekundu wa kule ukilowa unateleza kama sabuni. Vuli nayo huja kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Kama una hiari, nenda Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari. Kama huna hiari, beba koti la mvua na nguo za kubadilisha, kisha usinipigie simu kulalamika.

Viatu vyenye meno, na viwe vimeshazoea mguu wako. Kiatu kipya ni malengelenge.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, jabali upande huu, korongo upande ule. Anayetapika akae mbele na aache kuchungulia simu. Maporomoko ya Soni atayaona vizuri zaidi akiwa na kichwa kizima. Ukiendesha mwenyewe, piga honi kwenye kona zilizofumba, waachie nafasi madereva wa malori ya kabichi maana wao wanaijua njia kuliko wewe, na wakati wa kurudi shuka na gia. Narudia: gia. Kuna watu wamefika Mombo breki zinanuka kama mpira uliotupwa motoni, wao wanashangaa harufu inatoka wapi.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kwa hiyo kuna kiingilio. Malipo ya serikali hayatiwi mkononi mwa mtu: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unabaki na stakabadhi. Kijana anayekudaka stendi kabla hata begi halijashushwa, akisema yeye ndiye anayehusika na msitu na hela umpe hapohapo, mwombe kitambulisho kwa upole. Wengi wao ni vijana wazuri na wanazijua njia. Ila uliza kwanza.

Kuhusu umbali, usimwulize Msambaa kama ni mbali. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani atakwambia "hapo tu", na hadanganyi, kwake ni hapo tu. Amezaliwa kwenye mteremko. Uliza hivi: "Mimi nikianza kutembea sasa hivi, nitafika saa ngapi?" Atakutazama miguuni, atafikiri kidogo, ndipo atakupa jibu la kweli.

Sasa tochi. Nimesema tochi, sijasema simu yenye taa.

Ilikuwa Julai. Mimi, dada yangu na shemeji tulitoka mjini saa nane mchana kwa miguu kwenda kwenye jabali la Irente kuona jua likizama. Tukapitia Irente Farm, tukanunua mkate na jibini, tukafika kwenye jabali mapema. Atakayekwambia pale si pazuri hajafika. Ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako, na huko chini kabisa ni Mazinde na mistari ya mkonge, barabara kuu kama uzi, malori kama sisimizi, halafu nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yachoke. Tukapiga picha. Tukarekodi video. Dada akampigia mama simu ya video, mama akawa anapiga kelele kutoka Temeke: "Mbona mmekaa ukingoni? Rudini nyuma!" Simu ya dada ikazimikia mikononi mwake. Ya shemeji ilikuwa gesti. Aliiacha makusudi, akajisifu njia nzima kwamba yeye yuko likizo. Ikabaki yangu, asilimia 11.

Jua likazama kama saa 12:30. Huku kwetu hakuna jioni ndefu, ukiangalia pembeni kidogo ni giza. Hilo nalijua tangu utotoni, sijui kwa nini siku ile nililisahau. Mtu anayepanda Irente kuangalia machweo ameshaamua kurudi gizani, hata kama hajajiambia.

Njia ya gari ilikuwepo, pana, inafika mjini bila maswali. Sisi tukachagua ya mkato, kwa sababu mchana tuliona watoto wa shule wakiteremkia bondeni na kwa macho ilionekana fupi. Nikawasha taa ya simu. Haikumaliza robo saa. Betri ilikuwa imeshanyonywa na video, na bondeni simu ilikuwa inahangaika kutafuta mtandao. Ilizimika tukiwa katikati ya matuta ya kabichi, pale njia moja inapogawanyika kuwa tatu.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimebeba kwenye ile simu. Ramani. Namba ya bodaboda aliyesema "mkikwama nipigieni". Namba ya gesti, na hata jina lake, maana nilikuwa nimelihifadhi humo badala ya kichwani. Na hela zote. Mfukoni nilikuwa na noti moja ya 2,000.

Shemeji akakanyaga mfereji wa maji ambao hakuuona, kifundo kikapinda. Tukakaa chini. Ukungu ukashuka taratibu, ile baridi ya Julai ikaanza kupenya. Hatukuwa tunakufa. Nyumba zilikuwa karibu, tulisikia mbwa na redio, ila hatukujua mguu uwekwe wapi ili tuzifikie. Tulikaa kama saa nzima, dada akisonya kila baada ya dakika mbili, kila msonyo ukiwa wangu.

Halafu tukaona mwanga unatembea. Mzee mmoja alikuwa ametoka kuangalia maji shambani. Usiku ule ulikuwa zamu yake ya mfereji. Mkononi ana tochi ya betri mbili, zile za zamani.

"Shikamoo babu," tukasema wote kwa pamoja kama darasa.

"Marahaba. Ninyi watoto wa nani?"

Tukajieleza. Akatumulika mmoja mmoja, akaumulika mguu wa shemeji, akasema, "Mmetoka mjini hamna taa?" Hakuongeza neno. Akamshika shemeji mkono, akatuongoza mpaka barabarani, akasimama nasi mpaka bodaboda zikapatikana. Ile 2,000 aliikataa. Nauli tulilipiwa na dada wa mapokezi pale gesti, ambayo dereva aliitambua baada ya mimi kumweleza rangi ya geti.

Kesho yake mchana nilirudi na sukari na majani ya chai. Mzee alicheka, akapokea, akauliza, "Tochi mmenunua?"

Tulikuwa hatujanunua.

Kwa hiyo: tochi ya mkononi au ya kichwani, angalau moja kwa kila watu wawili, ijaribiwe kabla ya kutoka gesti, na betri za akiba ziwe mfukoni. Karatasi yenye jina la gesti, namba yake, namba ya bodaboda, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Ndiyo, karatasi na kalamu. Pesa taslimu za noti ndogo, zikae mbali na simu. Simu yenyewe iwekwe mfuko wa ndani, na moja kati ya simu za kundi izimwe tangu mnatoka, isipigwe hata picha moja. Atakayenuna anune.

Na mpange saa ya kugeuka. Usipange saa ya kufika, panga ya kugeuka. Ikifika mnageuka hata kama kilele kinaonekana. Kama lengo ni machweo ya Irente, mpate bajaji au bodaboda mapema, mkubaliane bei, asubiri palepale, hela apewe mkifika mjini. Na mrudi kwa njia ya gari. Njia za mkato waachieni watoto wa shule.

Mengine ni ya kawaida lakini nayasema. Jabali usilisogelee kwa ajili ya picha, upepo wa pale hauna adabu. Watu usiwapige picha kabla ya kuwasalimia. Ukijua "onga maundo", salamu ya asubuhi ya Kisambaa, utaona nyuso zinafunguka. Maji ya kunywa beba kutoka mjini, usidanganywe na kijito kinachong'aa, maana juu yake kuna mashamba na mashamba yanapigwa dawa. Ukienda kijiji cha Mtae ulale hukohuko, na uulize jioni ileile gari la kurudi linaondoka saa ngapi, kwa sababu magari ya kule huondoka watu wengi bado wamelala. Dawa zako za kila siku usiziache kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Siku ya gulio ondoka mapema, magari hujaa. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa cha kuwekea matunda. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na kila mwaka kuna anayeshangaa.

Na plamu, ukizikuta msimu wake, nunua nyingi uwezavyo, lakini usile kilo nzima kabla hujamaliza kona za Soni.