Maneno Matano kwa Siku: Namna ya Kukuza Msamiati wa Kiingereza kwa Kadi

Andaa karatasi ngumu za A4 (kila moja ikatwe vipande 8), penseli, na kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Daftari halifai kwa kazi hii. Humo neno gumu na neno jepesi hukaa foleni moja, na baada ya siku chache unakuwa umekariri mahali neno lilipo kwenye ukurasa, si neno lenyewe.

Hatua ya 1: Piga hesabu kwanza

Wengi huanza na maneno 20 kwa siku, wiki ya tatu wameshaacha. Maneno mapya hayana shida. Yanayochosha ni ya zamani yanayodai kurudiwa. Kila neno litarudiwa mara 5: baada ya siku 1, kisha 2, 4, 8 na 16. Mwezi ukitimia, mwenye maneno 5 kwa siku ana kadi 25 za kurudia kila siku. Mwenye maneno 20 ana kadi 100, na hapo hajakosea hata moja.

Anza na 5. Kwa mwaka ni maneno 1,825, na orodha ya Michael West ya mwaka 1953, iliyokusanya maneno ya lazima kwa mwanafunzi wa Kiingereza, ina takriban 2,000 tu.

Hatua ya 2: Chagua maneno

Soma unachosoma siku zote, pigia mstari neno usilolijua, endelea. Likijitokeza tena, hilo ni la kadi. Kamusi nyingi za wanafunzi huwekea alama maneno yanayotumika sana. Lisilo na alama liache, labda liwe la kazi yako.

Usiingize mapacha siku moja. Ukijifunza "borrow" na "lend" pamoja, utayachanganya kwa miezi, hasa kwa kuwa kwetu "azima" hubeba yote mawili. Ingiza moja, subiri angalau wiki mbili, ndipo ulete la pili.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi

Hapa usifanye haraka; dakika 3 kwa kadi si nyingi. Kosa kubwa ni kuandika neno mbele na tafsiri nyuma. Chukua "piga": piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki. Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa kila kimoja: "call", "take a photo", "iron", "brush". Vivyo hivyo "sikia": aliyekariri kuwa "hear" ni kusikia atasema "I hear cold", na makosa si ya kumbukumbu yake, ni ya kadi.

Kwa hiyo mbele andika sentensi fupi yenye pengo na kidokezo cha Kiswahili. Mfano: "We had ____ rain last night", kidokezo: mvua kubwa. Nyuma weka mambo manne:

- Neno lenyewe: "heavy". Ongeza tahadhari, "big rain" si kawaida yao.
- Jirani zake wawili: "heavy traffic", "heavy smoker".
- Sarufi inayouma. Kwa "advice", kwa mfano, andika kuwa halihesabiki: haisemwi "an advice", husemwa "a piece of advice".
- Mkazo. Pigia mstari silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi.

Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi ulimi unahamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza: "calendar" inatoka ca-LEN-dar ilhali ni CAL-en-dar. Kadi pia ionye herufi zisizotamkwa, kama "p" ya "receipt" na "s" ya "island". Tamka kwa sauti kabla hujaiweka kadi chini.

Hatua ya 4: Rudia kwa tarehe

Andika kwenye pembe, kwa penseli, tarehe ya kurudia. Ukipata, futa na uandike inayofuata. Ukikosa, kadi inarudi siku 1, hata kama ilikuwa imefika 16. Kanuni hii ya kurudisha kadi mwanzo ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970. Usiahirishe marudio ya kwanza: mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1885, alionyesha kuwa tunasahau kwa kasi zaidi saa za mwanzoni.

Jibu kabla ya kugeuza. Kugeuza kadi na kusema "aa, hili nalijua" ni kukosa, na ihesabu hivyo.

Programu kama Anki hukupangia tarehe zenyewe. Itumie ukipenda, ila kadi tengeneza mwenyewe. Za kupakua huja bila sentensi ulikokutana na neno.

Hatua ya 5: Tumia

Jioni andika sentensi moja kwa kila neno la siku, ya jambo la kweli lililotokea leo. "The room was spacious" haina kazi kama hukuingia chumba chochote kikubwa.

Mambo yakiharibika

Ukiruka siku nne, simamisha maneno mapya na umalize rundo kwanza, kadi zisizozidi 30 kwa siku, ukianza na zenye vipindi vifupi.

Kadi ikirudi mwanzo mara 4, ichane. Mara nyingi sentensi ni mbovu, au kuna neno lingine linalofanana nalo linaloingilia. Andika mpya kwa sentensi nyingine. Ikigoma tena, iweke kando mwezi mzima.

Na ukiona unalipata neno kwenye kadi lakini mdomoni halitoki, geuza zoezi: soma upande wa nyuma, kisha tunga sentensi mpya kwa sauti ndani ya sekunde 10.