Somo: Kwenda Dawson City, mji wa dhahabu wa Yukon

Wadau, nilipoweka picha wengi mliuliza safari inapangwaje. Mji uko kaskazini magharibi mwa Kanada, pale mto Klondike unapoingia mto Yukon. Dhahabu iligunduliwa Agosti 1896. Kufikia 1898 watu walikuwa kama 30,000. Leo hawafiki 3,000.

Hatua ya 1. Nenda kati ya Juni na Agosti. Mwezi Juni giza haliingii kabisa, kwa hiyo beba kitambaa cha kufunika macho.

Hatua ya 2. Panda ndege hadi Whitehorse, mji mkuu wa eneo la Yukon. Kutoka hapo kuna ndege ndogo, au ukodi gari: zaidi ya kilomita 500. Ukiona kituo cha mafuta, jaza tanki.

Hatua ya 3. Usikimbilie karai la kuoshea dhahabu! Kwanza zunguka mjini kwa miguu. Barabara ni za vumbi, kando yake kuna njia za mbao. Chini ya udongo kuna barafu ya miaka yote, na joto la nyumba likiiyeyusha, nyumba inatitia. Kuna majengo mawili ya zamani yameegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Barafu hiyohiyo ndiyo iliyowatesa wachimbaji. Waliwasha moto ardhini, wakachimba kiasi kilicholainika, wakawasha tena, majira yote ya baridi. Changarawe waliirundika juu wakisubiri baridi iishe na maji yapatikane ndipo waioshe. Mtu angeweza kufukua miezi kadhaa bila kujua kama ni tajiri.

Hatua ya 4. Sasa nenda kijito cha Bonanza Creek. Kitalu namba 6 ni cha wageni, kuosha mchanga ni bure. Njiani utaona Dredge No. 4, mtambo wa mbao wa kuchimbia dhahabu uliokuwa ukielea, mrefu kama ghorofa nane, uliofanya kazi hadi 1959.

Hatua ya 5. Ingia kituo cha utamaduni cha Dänojà Zho. Wenyeji, Tr'ondëk Hwëchin, walisukumwa na umati ule wa wasaka dhahabu wakahamia kijiji cha Moosehide. Chifu Isaac alizipeleka nyimbo na ngoma zao kwa ndugu zao Alaska zikatunzwe. Kwangu hapa ndipo penye uzito kuliko kwenye kasino ya mjini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikipata dhahabu ni yangu?
Yako, ndugu. Ila ni chenga za kuweka kwenye kichupa, si za kununulia kiwanja.

Kaka, kutoka Dar viza inahitajika?
Ndiyo dada, ya Kanada. Omba mapema.

Naweza kuunganisha hadi Alaska kwa barabara?
Kiangazi tu, na uwe na viza ya Marekani. Mto Yukon hapo hauna daraja. Unavuka kwa pantoni, bure.

Na baridi ikiingia wanavukaje?
Pantoni inatolewa majini. Mto ukishaganda vizuri, magari yanapita juu yake.